Kurasa Nzito na Mipangilio ya Kivinjari

Mtu aliyenunua bando la siku moja, akaandika jina la gazeti alipendalo katika kivinjari cha simu yake, kisha akabaki akitazama duara dogo linalozunguka juu ya ukurasa mweupe, hupata hasara mbili kwa mara moja, ya fedha na ya wakati, wala hakuna hata moja kati ya hizo atakayofidiwa. Si ajabu, basi, kwamba tangu intaneti ilipoanza kuingia majumbani na maofisini watu wamekuwa wakipeana nasaha za kuharakisha kurasa, wakaambizana wageuze hiki na wafunge kile, na nasaha hizo zikapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule pasipo kuulizwa asili yake wala muda wake wa kufaa. Baadhi yake ni za kweli hata leo. Baadhi zilikuwa za kweli zamani na sasa zimekuwa mansuhi. Na baadhi hazikuwa na ukweli hata siku zilipozaliwa. Rai yangu, ambayo nitaitolea ushahidi katika makala haya, ni kwamba wepesi wa ukurasa hutokana na uchache wa safari na uchache wa mizigo, na kwamba mpangilio wowote usiopunguza safari wala mizigo hauna faida, hata ukisifiwa na watu elfu.

Tuanze na nasaha iliyovuma kuliko zote. Tarehe 9 Novemba 2004 taasisi ya Mozilla, yenye makao yake California, Marekani, ilitoa toleo la kwanza kamili la kivinjari cha Firefox, na watu wengi waliokuwa wamechoshwa na Internet Explorer wakakipokea kwa furaha kubwa. Ndani ya kivinjari hicho mlikuwa, na hata leo mna, ukurasa usioonekana katika menyu yoyote: mtu akiandika about:config mahali pa anwani hufunguliwa orodha ya mamia ya mipangilio ambayo waundaji waliiacha kwa ajili ya wajuzi, na ambayo katika matoleo ya baadaye waliitangulizia onyo. Haukupita muda mrefu ikaenea duniani orodha fupi ya mabadiliko yaliyosemwa kwamba yatakitia kivinjari mbio: kwanza, kiruhusiwe kutuma maombi mengi mfululizo bila kungoja jibu la ombi lililotangulia, pili, idadi ya maombi hayo ipandishwe kutoka 4 hadi 30, tatu, kile kitambo ambacho kivinjari hungoja kabla ya kuanza kuchora ukurasa, nacho kilikuwa milisekunde 250, yaani robo ya sekunde, kifanywe sifuri.

Ili kuipima nasaha hiyo kwa insafu, yatupasa kwanza kujua wakati wa mngojaji unapotelea wapi. Kivinjari hakijui gazeti lilipo. Hakina budi kuuliza jina lile lina anwani gani ya tarakimu, na swali hilo ni safari ya kwenda na kurudi. Kikiisha kuipata anwani huibishia hodi seva na kungoja kuitikiwa, na hiyo ni safari ya pili. Kisha hupatana nayo juu ya ufunguo wa siri, ili yatakayopita kati yao yasisomwe na mtu wa tatu, na mapatano hayo yalihitaji safari mbili zaidi mpaka ilipotolewa itifaki mpya ya usiri, TLS 1.3, mwaka 2018, ambayo huridhika na moja. Ndipo linapotumwa ombi la ukurasa wenyewe. Na ukurasa ukifika haujawa bado kitu cha kutazamwa, maana ndani yake mmeandikwa majina ya picha, ya herufi, ya maagizo ya sura na ya programu ndogo ndogo, ambayo kila moja lazima liombwe kwa nafsi yake. Ni sawa na mama amtumaye mtoto dukani kununua chumvi, akamngoja arudi ndipo amtume sukari, na akirudi na sukari amtume majani ya chai: duka likiwa jirani hakuna dhara kubwa, lakini likiwa ng'ambo ya mto mchana wote utakwisha kwa mwendo, ilhali ununuzi wenyewe ulikuwa wa dakika chache.

Na kwa msomaji wa Afrika ya Mashariki duka aghalabu liko ng'ambo. Nuru ndani ya uzi wa kioo wa kebo ya baharini husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani theluthi mbili ya mwendo wake katika anga tupu, na hakuna mhandisi awezaye kuizidisha. Kutoka Dar es Salaam mpaka London ni kilomita zipatazo 7,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni 15,000. Kwa hiyo hata kebo ingenyooka kama rula na mitambo yote ingejibu papo hapo, kila safari ingechukua milisekunde 75, na kebo za kweli huzunguka rasi na kupita bahari zilizopinda, hivyo huchukua zaidi. Ukurasa unaohitaji safari ishirini zenye kufuatana utakuwa umepoteza sekunde moja na nusu kabla hata uzito wake haujahesabiwa. Zamani hali ilikuwa mbaya kupita hiyo. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ilitegemea setelaiti zilizotulia juu ya ikweta katika kimo cha kilomita zipatazo 36,000, na kwa kuwa ombi hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka, kila safari moja ililazimika kupita masafa hayo mara nne na kula karibu nusu ya sekunde. Kebo ya SEACOM ilipofunguliwa Julai 2009 ikigusa Mombasa na Dar es Salaam, na ya TEAMS ilipounganisha Fujairah na Mombasa mwaka huo huo, kisha EASSy ikafuata mwaka 2010, watu walisema mtandao umekuwa mpana, na walisema kweli. Walakini faida ambayo vidole vyao viliihisi kwanza ilikuwa ufupi wa safari zaidi kuliko upana wa njia.

Kwa elimu hiyo sasa twaweza kuirudia ile orodha ya about:config. Shauri la kwanza, la kutuma maombi mfululizo, lilikuwa na akili ndani yake, kwa kuwa lilimpa yule mtoto orodha nzima ya vitu mara moja. Nayo HTTP, itifaki ambayo kwayo kivinjari na seva huzungumza, katika toleo lake la mwaka 1997 ilikuwa imeliruhusu waziwazi. Kwa nini, basi, Mozilla walilifunga? Walilifunga kwa sababu itifaki hiyo ilidai majibu yarudi kwa utaratibu ule ule wa maombi, hata picha moja kubwa iliyotangulia iliweza kuyazuia nyuma yake mambo madogo kumi yaliyokwisha kuwa tayari. Na fauka ya hayo seva nyingi na mitambo mingi ya kati iliyosimama njiani haikuielewa kaida hiyo, ikakata majibu au ikayachanganya. Aliyekuwa kwenye mtandao wa mbali na seva njema alipata nafuu ya kweli. Aliyekuwa kwenye seva mbaya alipata picha zilizopotea na kurasa zilizogoma, wala hakujua sababu. Shauri la pili halikuwa na maana yoyote, maana programu yenyewe haikukubali kuvuka 8, hata mtu akiandika 30 au 300. Na la tatu lilidanganya macho: ukurasa ulianza kuonekana mapema, lakini kwa kuwa kivinjari kilianza kuchora kabla hakijapata vipimo vya kutosha, kililazimika kufuta na kuchora upya mara nyingi, na kazi nzima ikamalizika baadaye kuliko ambavyo ingemalizika kwa subira ya robo sekunde.

Kulikuwako shauri la nne, la kukiamuru kivinjari kifungue miunganisho mingi kwa wakati mmoja na seva moja, na hilo lina sura ya adabu ambayo haikutajwa sana. Itifaki iliyoandikwa upya mwaka 1999 ilishauri miunganisho isizidi 2 kwa kila seva; vivinjari vikaona ni haba, na kufikia mwaka 2008 Firefox ilikuwa imepanda mpaka 6. Hiyo ni nyongeza iliyopimwa. Bali mtu mmoja mmoja alipojipa 20 au 30 kwa siri, alijichukulia nafasi ya wenzake katika seva ambayo pengine ilikuwa ya chuo kidogo au ya jarida lisilo na fedha, na kama kila msomaji angefanya hivyo seva ingeanguka na hakuna ambaye angesoma.

Mambo haya yote leo yamepitwa. Mwezi Mei 2015 ilitolewa itifaki ya HTTP/2, ambayo katika muunganisho mmoja hupitisha maombi mengi pamoja na kuyarudisha majibu yakiwa yamechanganywa vipande vipande, kila kimoja kikiwa na alama yake, hivyo kidogo hakizuiliwi na kikubwa. Na Juni 2022 ikaidhinishwa HTTP/3, ambayo hupunguza safari za salamu na kustahimili vizuri zaidi mawimbi ya simu yanayokatika. Mozilla wenyewe waliing'oa ile njia ya zamani ya kutuma maombi mfululizo kutoka katika Firefox mwaka 2017. Kwa hiyo anayefuata leo maelekezo ya mwaka 2004 anageuza swichi ambayo nyuma yake hamna waya. Mpangilio wenye nguvu kuliko wote katika mlango huu ni ule ambao watu huupuuza kwa kuwa hauna siri yoyote: kuruhusu kivinjari kijisasishe. Humo ndimo zinamofika itifaki mpya, aina mpya za picha zenye uzito mdogo, na ile hekima ya kutoleta picha iliyoko chini ya ukurasa mpaka msomaji aikaribie, ambayo Chrome ilianza kuitia mwaka 2019. Najua kwamba masasisho hula bando, na kwamba mwenye simu yenye nafasi ndogo huyaahirisha kwa sababu za haki. Basi na ayashushe penye Wi-Fi, lakini asiyaache.

Sasa tuziache safari tuje kwenye mizigo, maana hapa ndipo msomaji ana mamlaka makubwa. Ukurasa wa kwanza wa tovuti ya kawaida umepita megabaiti 2, na mtu akiuchunguza ataona kwamba maandishi aliyoyafuata ni sehemu ndogo mno ya uzito huo. Mwingine anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake: afungue ukurasa wa habari katika kompyuta, abonyeze F12, achague sehemu ya mtandao, kisha auite ukurasa upya. Ataona ikishuka orodha ndefu ya majina, na mengi kati yake si majina ya gazeti alilolifungua. Wamo wauzaji wa matangazo, wamo wahesabu wasomaji, wamo wafuatiliaji ambao kazi yao ni kujua msomaji huyu jana alikuwa wapi, zimo video ambazo hakuziomba. Na kila mgeni katika hao anakaa kwenye seva yake, ana jina lake la kuulizwa, hodi yake ya kubishwa na ufunguo wake wa kupatana. Hivyo kumzuia mmoja ni kupunguza mzigo na safari kwa mkupuo mmoja.

Faida hiyo imepimwa. Mwaka 2015 watafiti wawili, Georgios Kontaxis na Monica Chew, walijaribu ulinzi dhidi ya wafuatiliaji katika Firefox kwa kufungua tovuti 200 za habari zilizosomwa sana, wakakuta kwamba muda wa kati wa kufunguka kwa kurasa ulipungua kwa asilimia 44 na matumizi ya data kwa asilimia 39. Zingatia kwamba madhumuni ya ulinzi huo yalikuwa faragha, na kasi ikaja kama hiba. Hakuna hata tarakimu moja katika about:config ya zamani iliyopata kukaribia matokeo hayo. Katika Firefox ya leo ulinzi huo umo katika mipangilio, sehemu ya faragha na usalama. Wa kawaida huwa umekwisha washwa, na mtu anaweza kuchagua ulio mkali, huku akijua kwamba mara chache ukurasa fulani utakataa kufanya kazi na itambidi aulegeze kwa tovuti hiyo peke yake. Anayetaka zaidi atie kiendelezi cha uBlock Origin, kilichoundwa na Raymond Hill mwaka 2014 na kutolewa bure, ambacho hufanya kazi hata katika Firefox ya simu za Android, ilhali Chrome ya simu haipokei viendelezi.

Hapa pana swali la haki ambalo siwezi kulipita kimya. Magazeti mengi yanaishi kwa matangazo, na mwandishi naye ana watoto wanaokula. Naona kwamba tangazo la picha moja na maneno machache, lililowekwa na gazeti lenyewe, ni bei halali ya habari isiyolipiwa. Lakini msafara wa wafuatiliaji arubaini wanaosafirishwa kwa bando la msomaji, naye hakuombwa idhini wala hakuarifiwa, hauna uhalali huo. Mwenye gazeti analolipenda na kuliamini anaweza kuliondolea kizuizi kwa kubonyeza mara moja, na ni vema afanye hivyo.

Baada ya wageni hufuata picha. Chrome ya kompyuta ina mahali, ndani ya mipangilio ya tovuti, pa kuzuia picha zote au kuziruhusu kwa tovuti zilizochaguliwa. Na uBlock Origin ina mpangilio wa busara zaidi, unaozuia picha na vyombo vingine vya namna hiyo vinavyozidi kipimo fulani, nacho kimewekwa kilobaiti 50, kisha msomaji akibonyeza mahali picha ilipozuiwa huletewa ile moja aitakayo. Kwa mwanafunzi anayesoma maandishi marefu, au mtu aliye mbali na mnara wa simu, jambo hili hugeuza ukurasa uliokuwa haufunguki kuwa ukurasa unaosomeka. Video zinazojianzisha zenyewe ni adui mkubwa kuliko picha. Firefox tangu mwaka 2019 huzizuia zile zenye sauti bila kuamriwa, lakini za kimya huziachia, nazo hunywa data kwa kiu ile ile. Mtu aingie katika mipangilio ya ruhusa, penye habari za kujianzisha, azuie sauti na video pamoja.

Kufunga kabisa zile programu ndogo zinazokimbia ndani ya kurasa, ambazo lugha yake ni JavaScript, ni dawa kali inayoua na mgonjwa: benki, ofisi za serikali na maduka havitafunguka. Inatosha kujua kwamba katika simu ya bei nafuu programu hizo huchosha kichwa cha simu chenyewe, hata kama mtandao ni mzuri, na kwamba vichupo thelathini vilivyoachwa wazi tangu wiki iliyopita vinagombea kumbukumbu ile ile. Vifungwe.

Nakuja sasa kwenye kosa lililoenea kuliko yote, nalo hufanywa kwa nia njema. Mtandao ukiwa mzito utamsikia mtu akimwambia mwenziwe, "Futa kache," na mwenziwe akafuta kila siku kama anayefagia uwanja. Akiba hiyo ya kivinjari imewekwa kwa kusudi lililo kinyume kabisa na linalodhaniwa. Nembo ya gazeti, herufi zake, maagizo ya sura yake na programu zake ni zile zile leo na kesho. Kivinjari hukiweka kila kimoja katika simu kikiwa na muda wake wa kufaa kama seva ilivyoagiza, na siku ya pili hakiendi tena kukitafuta ng'ambo. Ombi la haraka kupita yote ni lile lisilotumwa. Anayeifuta akiba hiyo asubuhi hulipa tena mchana, kwa bando na kwa kungoja, vitu alivyokwisha kuvilipia jana. Zipo sababu mbili za haki za kuifuta: ukurasa mmoja kuonekana umeharibika kwa kuwa umebaki na kipande cha zamani, au simu kujaa kiasi cha kutopumua, na hata katika la kwanza yatosha kuuita ukurasa ule upya kwa nguvu, Ctrl na F5 kwa pamoja katika kompyuta za Windows, pasipo kuangamiza akiba ya tovuti nyingine zote. Tangu mwaka 2020 katika Chrome, na 2021 katika Firefox, akiba hugawanywa kwa kila tovuti peke yake, ili tovuti moja isiweze kupeleleza kilichowekwa na nyingine. Usalama umeongezeka, lakini herufi zinazotumiwa na tovuti kumi sasa hushushwa mara kumi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuihifadhi akiba iliyopo.

Ipo njia nyingine ambayo watu wa Kenya na Tanzania waliijua mapema, wakati simu zilikuwa za vitufe na kioo kama kiganja cha mtoto. Kampuni ya Opera ya Norway ilitoa Opera Mini kwa ulimwengu mzima Januari 2006, na siri yake ilikuwa kwamba simu haikuzungumza na tovuti hata kidogo. Simu ilituma jina la ukurasa kwa seva za Opera. Seva hizo, zenye nguvu na njia pana, zikaenda kuuchukua ukurasa, zikafanya safari zote zile kwa niaba ya simu, zikauchora, zikaukamua, na kuurudisha katika fungu moja dogo, ambalo kwa maneno ya kampuni yenyewe liliweza kupungua mpaka sehemu moja ya kumi ya uzito wa awali. Tazama namna njia hii ilivyotibu magonjwa yote mawili, safari nyingi zikawa moja na mzigo mkubwa ukawa mdogo. Ndiyo maana simu dhaifu katika mtandao dhaifu iliweza kufungua kurasa ambazo kompyuta ya ofisini ilizihangaikia. Opera Mini ingalipo, na katika mipangilio yake mna daraja za kuokoa data. Chrome nayo ilikuwa na njia iliyofanana, ikaiondoa Machi 2022. Sharti moja tu: katika daraja kali zaidi seva ya kati huona yote yanayopita, hivyo isitumiwe kwa mambo ya benki wala kwa nywila. Kwa kusoma habari, matokeo ya mitihani na maelezo ya kilimo, ni msaada mwema.

Kuhusu kubadilisha daftari la majina, yaani kuamuru simu iulize anwani kwa 8.8.8.8 ya Google, iliyoanza Desemba 2009, au kwa 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2018, neno langu ni fupi. Kama daftari la kampuni yako ya simu ni zito au hukatika mara kwa mara, mabadiliko hayo yatasaidia katika lile swali la kwanza la safari. Kama ni zima, hutahisi chochote, maana mzigo unaofuata haukupungua. Hata yaweza kudhuru, kwa kuwa tovuti kubwa huweka nakala zao Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam na kumwelekeza kila msomaji kwenye nakala ya jirani kwa kutazama swali la jina limetoka wapi. Likitoka mbali, msomaji wa Kinondoni huweza kupelekwa Ulaya. Jaribu, pima kwa siku kadhaa, na uchague kwa ushahidi. Ama zile programu za dukani zinazoahidi kuongeza kasi ya intaneti kwa kubonyeza mara moja, nyingi huleta matangazo yake zenyewe na kuomba ruhusa ambazo hazina haja nazo. Ziachwe huko huko dukani.

Baada ya hayo yote yabaki mambo ambayo mpangilio wa kivinjari haufikii. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, mtandao wa Tanzania na wa nchi jirani ulizorota kwa siku kadhaa, na hakuna kivinjari kilichokuwa na dawa. Wala hakuna msomaji awezaye kuupunguza uzito wa ukurasa zaidi ya kukataa baadhi ya vilivyomo. Mwenye uwezo wa kuutengeneza ukiwa mwepesi tangu mwanzo ni mmoja, naye ni mtengenezaji wake. Kwa hiyo ombi langu la mwisho halimwendei msomaji. Linawaendea wenye magazeti ya Kiswahili, wizara, vyuo, benki na wote wanaotoa habari kwa watu wanaolipia data kidogo kidogo: kabla hamjautangaza ukurasa mpya, uchukueni mkaufungue katika simu ya bei ya chini kabisa sokoni, kwa bando la kawaida, mkiwa nje ya mji, na akiba ya kivinjari ikiwa tupu, na kama ninyi wenyewe mtachoka kungoja, urudisheni kwa mafundi wapunguze picha, waondoe wafuatiliaji, na waache maandishi yatangulie.